Paka imepandwa lakini haishiki mimba: angalia saa mbele ya kuangalia dawa

Maswali ya uzazi wa paka yenye tunapata hapa Goma, kutoka Himbi mpaka Majengo, yanafanana sana. Paka imepandwa na haishiki. Paka ilipigwa sindano ya homoni yenye walinunua ku farmasi na hakuna kitu kilitokea. Tumbo imevimba, siku zinapita, haizai. Na kuko pia vijana wenye walisomea veterineri Lubumbashi, wanauliza juu ya kuunganisha yai na mbegu mu labo, juu ya nini mayai yao hayakomai ao embryo inasimama njiani. Nimeweka yote fasi moja, shida kwa shida, sababu yenye inaonekana sana inakuja mbele, yenye ni ya mara moja moja inakuja nyuma, na fasi ya kusimama na kukimbia kwa munganga nitaisema wazi, juu kuko mambo yenye hayangoje mpaka kesho.

Mbele ya yote: elewa saa ya paka

Mbuzi na ng'ombe yai linatoka lenyewe siku yake ikifika. Paka hapana. Yai ya paka inangoja dume. Uume wa dume uko na miiba midogo midogo, wakati anatoka inakwaruza jike ndani, ule muguso unapanda mpaka ku ubongo, ubongo unaachilia homoni ya LH, na mayai yanatoka nyuma ya masaa 24 mpaka 36 hivi, wakati mwingine inakawia mpaka karibu 50. Na kupandwa mara moja tu mara mingi haitoshi, karibu nusu ya paka zenye zimepandwa mara moja hazitoe yai hata moja. Zikipandwa mara 3, mara 4 ao zaidi mu siku moja, LH inapanda juu na karibu zote zinatoa mayai.

Kisha kuko namba tatu za kuandika ku ukuta ao mu telefone, juu njo zitakuambia shida iko wapi hata mbele ya kulipa franga ya labo:

- Jike ikiwa mu joto (siku zenye inatafuta dume) na haikutoa yai, joto inaisha (inachukua siku 3 mpaka 14, mara mingi juma moja hivi) na inarudi nyuma ya juma 1 mpaka 3.
- Ikitoa yai lakini mimba haikushika, inapumzika siku 35 mpaka 45 hivi, kisha joto inarudi.
- Ikishika mimba, inazaa nyuma ya siku 63 mpaka 67 hivi.

Ile tarehe ya joto kurudi ni jibu kubwa kuliko sindano yoyote. Mutu ananiambia "paka yangu haishiki," namuuliza joto ilirudi lini, hajui, basi tuko tunatafuta mu giza. Andikeni tarehe. Siku ya kwanza ya kulia na kujiviringisha, siku dume ilipanda, siku joto iliisha, siku ilirudi.

Kitu kingine cha kwetu: Ulaya paka zinapumzika wakati wa baridi juu siku inakuwa fupi, na wafugaji wa kule wanawasha taa masaa 14 kwa siku ili joto irudi. Goma iko karibu kabisa na ikweta, haifiki hata digri 2 kusini, siku ni masaa 12 mwaka muzima, kwa hiyo paka zetu zinaingia joto mwezi wowote. Mutu akikuambia "ngoja musimu," hiyo haituhusu sisi.

Shida ya 1: Imepandwa, na joto imerudi mbele ya juma 3

Hapa yai halikutoka. Usianze kulaumu dume kwamba ni tasa, mbegu yake haikupata hata kitu cha kukutana nacho.

Sababu yenye tunaona sana ni kupandwa mara chache. Watu wanaweka jike na dume pamoja saa moja, wanaona dume amepanda, wanachukua jike yao wanarudi nyumbani wanafurahi. Ziache pamoja siku 2 ao 3, kuanzia siku ya pili ya joto. Siku ya kwanza jike nyingi zinakataa, zinapiga dume, na mwenye dume anasema paka yako ni mukali, kumbe saa yake haijafika.

Sababu ya pili: dume hakuingia. Alipanda mugongo, akashika shingo na meno, akashuka. Namna ya kujua ni kuangalia jike. Ikiwa kweli ameingia, jike inapiga kelele ya ghafula, inamugeukia dume inataka kumupiga, kisha inajiviringisha chini na kujilamba sana, dakika kadhaa. Kama hakuna kelele na hakuna kujiviringisha, hesabu kwamba hakuna kitu kilifanyika. Kwa dume yenye manyoya marefu, kuko wakati nywele zinajizungusha ku uume kama pete na zinamuzuia kuingia, veterineri anazitoa polepole na shida inaisha siku hiyo hiyo.

Ya tatu: jike njo yenye iko kwake na dume njo mugeni. Hii ni kinyume. Dume akipelekwa nyumba yenye hajui anatumia siku mingi kunusa kona na kukojoa ku ukuta, na joto ya jike inamuishia. Peleka jike kwa dume. Lakini mbele ya kupeleka, chanjo ya rage (kichaa cha mbwa) kwa zote mbili, na usiweke paka yenye ina vidonda vya kupigana na ya kwako, juu virusi vya ukimwi wa paka vinapita mu kuumana (haviingie kwa mutu, lakini kwa paka havitoke tena). Na wewe ukiumwa ao kukwaruzwa wakati wa kuzitenganisha, osha na maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, kisha uende kituo cha afya siku hiyo. Rage ikishaanza kuonekana kwa mutu hakuna dawa.

Ya nne, dume alishatolewa mapumbu. Inaonekana ni kitu cha wazi lakini inatokea, mutu anapewa paka mukubwa na hajui historia yake. Dume yenye ilihasiwa inaweza kuendelea kupanda, lakini ile miiba inapotea nyuma ya juma 6 hivi juu inategemea homoni ya mapumbu, basi hata akipanda haigusi ubongo wa jike sawasawa.

Shida ya 2: Imepandwa, ikatulia, joto ikarudi karibu siku ya 40

Hapa hadithi ni ingine kabisa. Yai lilitoka. Ao mbegu haikuliunganisha, ao mimba ilianza ikapotea mapema.

Anza na chakula, ni kitu rahisi na njo fasi watu wengi wanakosa. Paka haiwezi kutengeneza yenyewe taurini ya kutosha, kitu chenye mwili wake unahitaji, lazima itoke mu nyama ao samaki. Jike yenye inakula bugali na mchuzi tu, inaweza kushika mimba na mimba ikapotea mu tumbo, ao watoto wanazaliwa wadogo, wazaifu. Sambaza (samaki wadogo) za Kivu zinasaidia sana hapa, ni bahati yetu, lakini ukizichemsha usimwage yale maji juu taurini inayeyuka inabaki mule, changanya vyote. Roho (moyo) ya ng'ombe ao ya kuku ni muzuri zaidi. Na usiipe samaki peke yake kila siku mwaka muzima, badilisha.

Kisha dume. Amezaa na jike ingine miezi ya karibu? Ikiwa ndiyo, mara mingi shida si yeye. Ikiwa hajazaa popote, gusa mapumbu, yako mawili na yameshuka? Yenye haikushuka inabaki ndani fasi ya moto na haitengenezi mbegu muzuri. Dume ya rangi tatu, nyeusi na nyekundu na nyeupe, ni kitu cha ajabu chenye watu wanapenda kulipia bei kubwa, lakini karibu zote ni tasa juu ya kromosomu yenye imezidi. Na paka zenye zinazaana ndugu kwa ndugu, kizazi nyuma ya kizazi, mbegu zinaharibika umbo.

Ya tatu ni tumbo la uzazi yenyewe, kuko uvimbe wa ndani, vifuko vya maji, mara mingi juu ya dawa za kuzuia joto zenye paka ilipewa zamani. Hiyo tutairudilia chini. Ya mwisho, virusi, na paka yenye imezeeka. Kuanzia hapa kazi ni ya ekografi (mashine ya kuangalia ndani ya tumbo) na ya munganga, si ya kubahatisha nyumbani.

Kitu kimoja cha kujua: kuko paka zenye zinatoa yai bila kupandwa, wakati mwingine kwa kukaa tu karibu na dume ao kupakatwa mugongo wa nyuma. Basi ukiona ya kwako inapumzika siku 40 na haikukutana na dume, si uchawi na si mimba.

Na kuna namna ya kuhakikisha yai lilitoka: damu ku labo ya watu, waombe projesteroni, nyuma ya siku 7 hivi za kupandwa. Hiyo homoni ni molekuli ile ile kwa mutu na kwa paka, mashine inaisoma bila shida. Ikiwa juu ya 2 nanogramu kwa mililita, yai lilitoka. Angalia kipimo chenye labo inatumia, kuko zenye zinaandika mu nanomoli kwa lita na pale 2 inakuwa karibu 6, watu wanasoma namba bila kusoma kipimo na wanachanganyikiwa.

Shida ya 3: Tulipiga sindano ya homoni, hakuna kitu

Hapa naomba musome polepole.

Kuko sindano zenye zinafanya kazi ya ile LH: hCG, yenye inatoka mu mukojo wa mama wenye mimba na inauzwa kwa ajili ya watu, na GnRH, yenye inafanya ubongo wa paka uachilie LH yake. Kwa paka veterineri wanatumia hCG kipimo cha yuniti (UI) 250 hivi ndani ya musuli, ao GnRH mikrogramu 25. Ni vipimo vidogo sana ukiangalia ampule ya mutu, yenye inaweza kuwa na yuniti 5000. Basi kosa la kwanza ni la kuchanganya maji, mutu anaweka mililita moja, anavuta "kidogo," hajui amepiga ngapi.

Lakini kosa lenye tunaona zaidi si kipimo, ni saa. Hii sindano haileti joto. Inafanya tu yai lenye limekomaa litoke. Ukipiga paka yenye haiko mu joto, hakuna yai la kutoa. Ukipiga siku ya kwanza kabisa ya joto, mayai hayajakomaa bado, unaharibu zamu yote. Siku ya pili ao ya tatu ya joto ya kweli, na dume awe pale, juu mayai yatatoka mu siku moja na nusu hivi.

Sababu ingine ni baridi. Ampule ya hCG ikishachanganywa inataka frigo. Umeme ukikatika usiku muzima na frigo ikawa kabati, ile dawa usiitumie. Muulize pia mwenye farmasi aliiweka wapi mbele ya kukuuzia.

Kisha kuko yenye watu hawafikirie: mwili wa paka unazoea na kupigana nayo. hCG ni ya mutu, na eCG, ile ya kukomaza mayai, ni ya farasi, kwa paka zote mbili ni kitu kigeni. Ukizirudilia karibu karibu paka inatengeneza askari wa mwili wenye wanazizima, na sindano ya tatu inakuwa sawa na maji. Wenye wanafanya hii kazi wanaacha angalau miezi 4 mpaka 6 katikati. Mutu mwenye anapiga kila mwezi "mpaka ishike" anajifungia mulango.

Na mwisho, sindano yenyewe haikuwa ile. Hii inaniuma kila mara. Ku farmasi mutu anaomba "sindano ya uzazi," wanamupa ile ya uzazi wa mpango ya miezi 3 yenye wamama wanapiga. Hiyo inazuia, haisaidie. Na kwa paka ni hatari: inaweza kuleta usaha mu tumbo la uzazi, maziwa kuvimba mpaka ngozi inapasuka, ugonjwa wa sukari, na kansa ya maziwa mbele. Vidonge vya kuzuia joto viko mu familia ile ile. Ikiwa paka yako ilishapewa kimoja cha hivi, mwambie veterineri mapema, usifiche, inabadilisha kila kitu chenye atafanya.

Ah, na kipimo cha mimba cha farmasi, kile cha mukojo. Hakifanye kazi kwa paka. Kinatafuta hCG na paka haitengenezi hCG. Ukikiona kinasema ndiyo ni juu ulimupiga hCG siku zilizopita. Mimba ya paka veterineri anaigusa na vidole kati ya siku ya 21 na ya 28, ekografi inaiona kuanzia juma la tatu hivi, na karibu siku ya 21 chuchu zinakuwa nyekundu kidogo na kusimama, hata nyumbani unaona. Usibonyeze tumbo wewe mwenyewe.

Shida ya 4: Tumbo ni mukubwa, ao maziwa imevimba, na haizai

Hesabu siku kwanza. Mara mingi mutu amekosea tarehe tu, aliandika siku ya kwanza jike na dume zilionana na si siku yenye zilipandana kweli. Mpaka siku ya 67 usihangaike ikiwa paka inakula na iko na furaha yake. Ikipita siku 70, ekografi.

Kisha fikiria minyoo, paka ya mjini inaweza kuwa na tumbo ya minyoo kabisa, na haina mimba hata moja. Kisha mimba ya uongo (yai lilitoka, mimba haikushika), kwa paka haionekane sana, kidogo maziwa, kidogo kutengeneza kiota mu nguo, inapita yenyewe karibu siku ya 40 na haitake dawa. Maziwa yakivimba yote kwa mara moja, mukubwa kama mayai ya kuku, magumu, hasa kwa paka changa ao yenye ilipewa sindano ya kuzuia, hiyo si maziwa ya kawaida, usikamue, usiweke maji ya moto, ipeleke.

Shida ya 5: Inatoka usaha ao maji yenye inanuka huku nyuma

Hapa hakuna orodha ya kujaribu nyumbani. Simama.

Juma chache nyuma ya joto ao nyuma ya sindano ya kuzuia, paka inakunywa maji sana, haili, inatapika, tumbo inavimba, wakati mwingine inatoka usaha na wakati mwingine hakuna chenye kinatoka juu mulango umefunga, na hiyo ya kufunga njo mubaya zaidi. Ni usaha mu tumbo la uzazi. Inaua mu siku chache. Antibiotike ya vidonge yenye mulinunua Birere haitoshi, dawa yake kwa kawaida ni operasyo ya kutoa kizazi chote. Peleka siku hiyo, hata usiku tafuta.

Na mukiwa njiani ao munangoja, musiipe parasetamoli. Hata kipande. Parasetamoli inaua paka, maini yake hayawezi kuisafisha, damu inashindwa kubeba hewa. Ibuprofeni na diklofenaki vilevile hapana. Nimeona paka zenye zingepona operasyo zikafa na kidonge cha homa chenye mwenyewe alitoa kwa mapendo.

Shida ya 6: Kwa wenye wanafanya mu labo: mayai hayakomai, hayashike, ao embryo inasimama

Hii kazi si ndoto. Watoto wa paka wa kwanza wenye mayai yao yaliunganishwa na mbegu mu chombo walitangazwa Marekani 1988. Mwaka 1990 walipata watoto wa simbamarara namna ile ile, Omaha. Na 1999, New Orleans, paka ya nyumbani ilizaa paka mwitu wa Afrika kutoka embryo yenye ilikuwa imegandishwa, njo maana hii elimu inatugusa sisi pia, wenye tuko na wanyama wa pori hapa pembeni. Paka yetu ya nyumbani njo inafundisha mikono.

Shida zenye vijana wanaleta, na fasi ya kuangalia kwanza:

*Mnafungua, mayai hamuyaone.* Saa. Namna ya kawaida ni eCG yuniti 100 mpaka 150, kisha hCG nyuma ya masaa 80 mpaka 84 hivi, kisha kuvuta mayai na laparoskopi (kamera yenye inaingizwa mu tumbo kwa tundu dogo) masaa 24 mpaka 27 nyuma ya hCG. Mukichelewa kidogo mayai yametoka yenyewe yameingia mu mirija, unakuta fasi tupu yenye damu. Basi rudisheni saa nyuma: mukitaka kuvuta mayai saa 4 asubuhi, hCG inapigwa saa 3 asubuhi ya siku yenye inatangulia, na eCG inahesabiwa kutoka pale. Andikeni saa ya sindano, si siku tu. "Juzi jioni" si saa.

*Mnayapata lakini hayajakomaa.* Mara mingi hCG ilikuja mapema, ao mulivuta mapema. Ikiwa mayai yanatoka mu ovari zenye zilitolewa wakati wa operasyo ya kufunga kizazi (na hiyo njo njia rahisi ya kujifunza, hakuna paka yenye inateswa juu yake), basi hayo hayajakomaa kabisa kwa asili yake, yanataka masaa 24 mpaka 30 mu chombo cha kukomaza, na mukipata nusu yenye imekomaa musilie, ni kawaida. Chagueni yale yenye rangi nyeusi sawasawa, yenye yamezungukwa na seli zilizobana vizuri. Yai la paka ni jeusi juu ya mafuta, weusi si ugonjwa. Yale ya kijivu yenye madoa acheni. Ovari zenyewe zikae mu maji ya chumvi ya labo, digri 4, na zifike mu siku moja.

*Yamekomaa, hayashike.* Angalieni mbegu mbele ya kubadilisha maji ya chombo. Paka nyingi ziko na mbegu zenye umbo mubaya, dume yenye zaidi ya 60 kwa 100 ya mbegu zake zina kasoro inahesabiwa kwamba iko na shida. Kisha joto: digri 38 na kidogo, si 37 ya watu. Kifaa cha joto kikiwa kilipangwa kwa kazi ya watu mutapoteza juma nzima bila kujua. Na hewa ya kaboni (CO2) 5 kwa 100, umeme ukikatika hiyo inashuka haraka kuliko joto, kwa hiyo betri ni sehemu ya itifaki.

*Inagawanyika, kisha inasimama siku ya 4 ao ya 5.* Embryo za paka za labo zinajulikana kukwama hapo, mbele ya kuwa blastosisti (embryo yenye imekomaa kwa kushika ku tumbo la uzazi) siku ya 6 ao ya 7. Zile zenye zinatoka mu mayai yenye yalikomaa ndani ya paka zinapita muzuri zaidi kuliko zenye yalikomazwa inje.

*Embryo muzuri, paka yenye inapokea haishike.* Sindano nyingi za eCG zinakawia mu damu, zinaendelea kukomaza mayai mengine, homoni ya joto inapanda na tumbo la uzazi linachanganyikiwa. Tena, siku ya mupokeaji na siku ya embryo ziwe karibu, zisiachane zaidi ya siku moja. Na kwa wenye wanaweka mbegu ndani ya tumbo la uzazi bila labo: kulaza paka mbele ya yai kutoka kunazuia yai kutoka, watafiti walionyesha hivyo 1992, ngojeni mayai yatoke kwanza.

Kulaza paka, laparoskopi, hizi si kazi za kujifunzia ku meza ya jikoni. Bila munganga wa wanyama mwenye kibali na dawa ya kumuamusha paka pembeni, musifungue.

Shida ya 7: Imetolewa kizazi na bado inalia kama iko mu joto

Fupi: kipande cha ovari kilibaki. Mupeleke wakati iko inalia, si wakati imetulia, juu hapo njo vipimo vinaonekana. Na ikiwa ni dume njo analia, anachuchumaa mu sanduku na mukojo hautoke, hiyo ni kufunga kwa mukojo, ni dharura ya leo leo, haina uhusiano na mapenzi.

Shida ya 8: Anazaa, imekwama, ao watoto wanakufa juma la kwanza

Paka inaweza kuzaa watoto wawili, ikapumzika masaa mengi ikiwa imetulia inanyonyesha, kisha ikaendelea. Hiyo usiiguse. Yenye si kawaida: inasukuma kwa nguvu dakika 20 mpaka 30 na hakuna mutoto, mutoto ameonekana nusu na hatoki dakika 10, damu nyingi mbichi, ao mama amechoka amelala tu na unajua kuko wengine ndani. Munganga. Usimupige oksitosini (sindano ya kusukumisha mutoto) ya ku farmasi, mutoto akiwa amekaa vibaya tumbo la uzazi linapasuka.

Kwa watoto, baridi njo inaua mbele ya kitu kingine. Goma usiku inapoa, na simenti juu ya mawe ya volkano ni baridi kabisa. Sanduku juu ya ubao, nguo, chupa ya maji ya moto yenye imefungwa mu kitambaa. Mutoto amepoa, mdomo wake baridi ukigusa na kidole? Mupashe moto polepole kwanza, maziwa nyuma. Ukimupa maziwa akiwa baridi tumbo haifanye kazi na yanaingia mu mapafu. Maziwa ya ng'ombe peke yake yanaharisha, tafuteni ya unga ya watoto wa paka, Gisenyi ao kwa veterineri, na nyuma ya kila kula mupanguse huku nyuma na pamba yenye maji ya vuguvugu juu hajui kukojoa mwenyewe.

Wapime kila siku saa moja ile ile na balanse ya jikoni. Mutoto wa paka anazaliwa na gramu 90 mpaka 110 hivi, na anatakiwa kuongeza gramu 10 hivi kila siku. Siku moja bila kuongeza, angalia kama anapata chuchu ao wenzake wanamusukuma. Akishuka siku mbili mufululizo, ao analia bila kunyamaza na mama anamusukuma inje ya sanduku, mubebe yeye na mama yake pamoja, mu sanduku moja lenye moto, umupeleke asubuhi hiyo.